Kikoba chetu ndani ya WhatsApp: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo kaka. Nimemaliza stashahada ya teknolojia ya habari, nipo Morogoro. Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba chenye wanachama 30, na kila Jumamosi ugomvi ni uleule: nani ametoa hisa, nani bado, mkopo wa nani umechelewa. Karibu wote wapo WhatsApp, wachache Facebook. Nataka kutengeneza programu itakayotunza hesabu humo humo kwenye mtandao wa kijamii, ili wasipakue kitu kipya. Nianzie Facebook, WhatsApp au Telegram? Na nikiwauzia vikoba vingine, nitapata riziki?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwa kifupi: jifunzie Telegram, fanyia kazi WhatsApp, Facebook iache. Lakini kabla hujaandika mstari wa kwanza wa msimbo, amua daftari la kikoba litakaa wapi. Likikaa kwenye seva yako (kompyuta inayopatikana mtandaoni muda wote), katika kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu iliyopangwa) unayoweza kuinakili na kuhamisha, mtandao wa kijamii utakuwa mlango tu wa kuingilia. Ukiliacha daftari likae ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, hesabu za akina mama 30 zitakuwa mikononi mwa kampuni ambayo haiwajui na haiwajibiki kwao. Kujenga juu ya mtandao wa kijamii ni kupanga fremu kwenye jengo la mtu: wateja wanapita mlangoni siku nzima, ila mwenye jengo akipandisha kodi au akibadili kufuli, huna pa kushtaki.

Nasema hivyo kwa sababu yameshatokea, tena kwa wakubwa kuliko sisi.

Tarehe 24 Mei 2007, Facebook iliwafungulia wasanidi wa nje, yaani watengenezaji wa programu wasio waajiriwa wake, milango yake. Kabla ya hapo, ukitaka watu watumie programu yako uliwatafuta mmoja mmoja. Kuanzia siku hiyo programu iliweza kuishi ndani ya ukurasa wa Facebook, ikajua jina la mtumiaji, ikaona orodha ya marafiki zake na kuwapelekea mialiko. Kilichowavutia wasanidi kilikuwa hiyo orodha ya marafiki. Mtu mmoja akiweka programu, marafiki zake wanaiona, wawili wanafuata, na kila mmoja wao ana marafiki wake. Novemba mwaka uleule Google ikaja na OpenSocial, mpango wa kuandika programu mara moja ikafanya kazi kwenye mitandao ya Orkut, MySpace na hi5, ile hi5 ambayo vijana wengi wa hapa kwetu walikuwa wakiifungua kwenye intaneti kafe. Wazo lilikuwa zuri, na bado naliona zuri, lakini mitandao yenyewe ikafifia. Orkut ilifungwa Septemba 2014.

Aliyepanda juu zaidi ni kampuni ya michezo ya Zynga. Mchezo wao wa FarmVille ulitoka Juni 2009, na ndani ya mwaka mmoja ulikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Watu walipanda mazao, wakatumiana zawadi, na kila tendo likatangazwa kwa marafiki. Kelele zikazidi. Mwaka 2010 Facebook ikazipunguzia programu uwezo wa kutuma taarifa kwa watu. Julai 2011 ikalazimisha michezo yote ipokee malipo kwa sarafu yake ya ndani, na yenyewe ikikata asilimia 30. Zynga ilikuwa imeshaandika kwenye nyaraka zake kwa wawekezaji kwamba karibu mapato yake yote yanapitia Facebook. Iliuza hisa kwa umma Desemba 2011 kwa dola 10 kila moja, na kabla mwaka 2012 haujaisha hisa hiyo ilikuwa chini ya dola 3. Sababu hazikuwa Facebook peke yake, kwani watu walikuwa wanahamia kwenye simu. Hata hivyo, kampuni yenye mlango mmoja ilikuwa na wasaa mdogo sana wa kugeuka.

Halafu likaja la taarifa binafsi, na hili ndilo nataka ulisome kwa makini kwa sababu linahusu moja kwa moja programu ya mama yako. Katika miaka ile, programu ya Facebook iliweza kuchota taarifa za marafiki wa mtumiaji, watu ambao hawakuwahi kuiweka wala kuisikia. Mwaka 2013 mtafiti Aleksandr Kogan alitengeneza programu ya maswali ya tabia. Walioijaza walikuwa takriban 270,000. Facebook yenyewe ilikuja kukiri kwamba taarifa zilizofika kwa kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica huenda zilihusu watu milioni 87. Aprili 2014 ilitangaza kuufunga mlango huo, na programu zilizokuwepo zikapewa mwaka mmoja. Habari zilipolipuka Machi 2018, ruhusa zilibanwa zaidi, na Julai 2019 Tume ya Biashara ya Marekani ikaipiga Facebook faini ya dola bilioni 5. Wasanidi waaminifu waliojenga kazi zao juu ya orodha ya marafiki walifungiwa pamoja na wachafuzi.

Usidhani ni Facebook tu. Januari 2023 Twitter ilizikatia huduma programu za nje za kusomea mtandao huo, zikiwemo zilizodumu kwa zaidi ya miaka 10, bila taarifa ya maana kwa waliozitengeneza. Mwaka huohuo mtandao wa majadiliano wa Reddit ukatangaza bei mpya ya API, yaani njia ambayo programu za nje huitumia kuzungumza na mtandao, na programu ya Apollo ya kusomea Reddit, iliyopendwa sana, ikazima taa tarehe 30 Juni 2023.

Kwetu kuna mlango wa pili unaoweza kufungwa: serikali. Facebook imezuiwa Uganda tangu Januari 2021. Kenya, Telegram ilizuiwa Novemba 2023 na tena Novemba 2024 wakati wa mitihani ya kidato cha nne. Hapa Tanzania X, iliyokuwa Twitter, ilizuiwa Mei 2025. Kikoba hakiwezi kuahirisha kugawana fedha kwa sababu mtandao umefungwa. Ndiyo maana nasisitiza daftari liwe kwako, lifunguke hata kwa ukurasa wa kawaida wa tovuti, na mama aweze kuchapisha karatasi ya hesabu kila mwisho wa mwezi.

Sasa kazi yenyewe.

Anza na Telegram kwa sababu inakuachia ujifunze bila kulipa na bila kumwomba mtu ruhusa. Unamtafuta BotFather, roboti rasmi wa kusajilia roboti wengine, ndani ya Telegram, unampa roboti wako (programu inayojibu ujumbe yenyewe) jina, naye anakupa tokeni. Tokeni hiyo ni ufunguo wa nyumba, kwa hiyo usiiache kwenye msimbo unaoupandisha GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kushirikiana msimbo. Huhitaji hata seva kwa kuanzia: programu kwenye kompyuta yako mpakato inaweza kuwa inauliza Telegram kila mara kama kuna ujumbe mpya. Kuna mambo machache utakayoyagundua kwa uchungu usipoambiwa. Roboti hawezi kuanza kuzungumza na mtu ambaye hajabonyeza kitufe chake cha Start. Ndani ya kundi, kwa kawaida anasikia amri na majibu anayojibiwa yeye tu, mpaka umbadilishie mpangilio kwa BotFather au umfanye msimamizi. Na kundi la kawaida likigeuzwa kuwa kundi kubwa, namba yake ya utambulisho inabadilika. Kama umefunga hesabu za kikoba kwenye namba hiyo, siku ya pili roboti atadai kikoba hakipo. Kipe kikoba namba yake mwenyewe kwenye kanzidata yako, halafu namba ya Telegram iwe taarifa ya ziada tu.

Hilohilo lifanye kwa wanachama. Wengi watakushauri utumie namba ya simu kama utambulisho, kwa kuwa kila mtu anayo. Watu hubadili laini. Mwanachama akipoteza simu, akisajili laini nyingine, asije akawa mtu mpya asiye na hisa hata moja. Mbaya zaidi, laini iliyoachwa inaweza kuuzwa tena kwa mtu mwingine, akaandika “salio” na kuonyeshwa akiba isiyo yake. Namba mpya ithibitishwe na viongozi wawili kabla haijaunganishwa na mwanachama.

Ukishaelewa mwenendo wa roboti, hamia WhatsApp, maana ndiko wanachama waliko. Hapa kuna habari ambayo haitakufurahisha: kundi lile la kikoba lililopo sasa, mliloliunda wenyewe kwenye simu, huwezi kuliingiza roboti kwa njia rasmi. Zipo programu za pembeni zinazojifanya kuwa simu ya mtu na kuingia kwenye makundi. Zinavunja masharti ya WhatsApp, namba hufungiwa, na siwezi kukushauri uweke fedha za watu juu ya kitu cha namna hiyo. Njia rasmi ni API ya wingu (Cloud API) ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook na WhatsApp, iliyofunguliwa kwa wote Mei 2022, ambapo kila mwanachama anazungumza na namba ya kikoba faraghani.

Mwanzoni utaona hilo kama kasoro. Mimi naliona ndiyo heri ya mradi huu. Deni la mtu halitangazwi mbele ya wenzake 29 kwa roboti asiye na haya. Kundi libaki la salamu, misiba na kupanga mkutano, na hesabu ya kila mmoja ibaki kati yake na daftari.

Meta hukupa namba ya majaribio inayoweza kuandikia watu 5 uliowasajili. Watosha: mama, mwenyekiti, katibu na wanachama wawili wabishi. Ukienda kazini kweli, tafuta laini mpya isiyotumika, na ujiandae na nyaraka za biashara kwa ajili ya uhakiki.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Unaipa Meta anwani ya seva yako ya kupokelea taarifa, ambayo wasanidi huiita webuhuku. Mwanachama akiandika, Meta hutuma ujumbe huo kwenye anwani yako, nawe unajibu kwa kuiita API yao. Maandishi ya maelekezo yanaishia hapo, na hapo ndipo matatizo ya fedha yanapoanzia.

La kwanza ni uhalali. Anwani yako iko hadharani, mtu yeyote anaweza kuitumia ujumbe wa kughushi unaosema mwanachama fulani amelipa. Meta hutia kila ujumbe saini ya HMAC-SHA256, muhuri wa kihesabu unaotengenezwa kwa kutumia siri ya programu yako. Ikague saini hiyo kabla ya kusoma kitu kingine chochote, na isiyolingana itupe.

La pili ni kurudiwa, na hili ndilo linalowaumbua wengi. Meta ikituma ujumbe kwako na isipate jibu la 200, yaani “nimepokea”, hurudia, na inaweza kuendelea kurudia kwa siku kadhaa. Tuseme seva yako imeandika hisa ya Mama Fulani ya shilingi 10,000, kisha umeme ukakatika kabla hujajibu. Umeme ukirudi, ujumbe uleule unakuja tena, na Mama Fulani anakuwa na shilingi 20,000 kwenye daftari na 10,000 kwenye sanduku. Kila ujumbe una kitambulisho chake. Kihifadhi kwenye jedwali lenye sharti la upekee, lisilokubali kitambulisho kilekile mara mbili, ndani ya muamala uleule wa kanzidata unaoandika hisa (vyote viandikwe pamoja au kisiandikwe hata kimoja), ili ujumbe uliokwishafanyiwa kazi ukataliwe na kanzidata yenyewe. Usiitegemee kumbukumbu ya programu, maana programu huzimwa. Na ujibu 200 mara tu ujumbe ukishahifadhiwa, kazi ndefu ifanyike baadaye.

La tatu, usifute wala kurekebisha mstari wa daftari. Mama akikosea, akaandika 50,000 badala ya 5,000, mstari wa kosa ubaki, na chini yake uandikwe mwingine wa kuutangua, ukionyesha nani ameutangua na lini. Wahasibu wamefanya hivyo tangu enzi za karatasi, na ugomvi wa Jumamosi utaisha kwa hili kuliko kwa teknolojia yoyote. Kiasi kihifadhi kama namba kamili za shilingi, bila desimali. Salio lisiwe namba inayobadilishwa, bali jumla ya mistari.

Sasa gharama, ambayo inaamua hata sura ya mazungumzo. WhatsApp ina dirisha la saa 24. Mwanachama akikuandikia, kwa saa 24 zinazofuata unaweza kumjibu kwa maandishi ya kawaida bila malipo. Dirisha likifungwa, huwezi kumwandikia mpaka utumie kiolezo, yaani ujumbe ulioandaliwa mapema na kuidhinishwa na Meta, na tangu Julai 2025 violezo hutozwa kwa kila ujumbe, kwa bei inayotegemea nchi na aina: tangazo, taarifa ya huduma, au msimbo wa uthibitisho. Vya matangazo ndivyo hasa vya kuviepuka.

Kwa kikoba kinachokutana Jumamosi, dirisha hili ni la neema. Kila mwanachama akifika mkutanoni aandike NIPO kwa namba ya kikoba. Kwa neno hilo moja umepata mahudhurio, umethibitisha kuwa simu ni yake, na umefungua dirisha. Kisha mama anapokea fedha mkononi na kuandika “hisa 3” kwa jina la mwanachama. Papo hapo mwanachama anapata ujumbe: “Umetoa hisa 3, shilingi 15,000. Ni sahihi?” na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Mstari haukamiliki mpaka abonyeze. Mweka hazina hawezi kuandika peke yake, mwanachama hawezi kukana baadaye, na mkutano mzima haujakugharimu senti ya ujumbe. Kiolezo kibaki kwa jambo moja tu, kumkumbusha mwenye mkopo siku chache kabla ya tarehe ya marejesho.

Vitufe vya kujibu haviwezi kuzidi 3 kwa ujumbe, na maneno yake hayazidi herufi 20, kwa hiyo usipange menyu ndefu. Andika Kiswahili cha mkutanoni: hisa, jamii (mfuko wa kusaidiana), mkopo, marejesho, faini. Mtu mzima akiandika “nimetoa elfu tano ya jamii”, programu ijaribu kumwelewa na kumuuliza kama ndivyo. Na mwenye kitochi usimsahau. Mpe njia ya SMS, au mruhusu ateue mwanachama atakayethibitisha kwa niaba yake mbele ya mkutano, na daftari lionyeshe hivyo.

Kuhusu fedha zenyewe nakuomba usinipuuze: programu yako isishike fedha. Iandike tu. Siku utakayopokea michango kwenye akaunti yako ili uigawe baadaye, umeingia kwenye eneo la leseni za Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na hilo si jambo la kijana anayeanza. Fedha zikae sandukuni, benki, au kwenye huduma ya kikundi kama M-Koba, ambayo Vodacom na benki ya TPB, sasa TCB, waliileta mwaka 2019. M-Koba ni mshindani wako kwa upande mmoja, kwa hiyo ijaribu uone inachokosa. Kikoba chenye wanachama wa mitandao tofauti ya simu, na wengine wanaotoa fedha taslimu, bado kinahitaji daftari moja linalosomeka na wote. Muulize mama pia kama kikoba kimesajiliwa, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya namna hii visajiliwe.

Na taarifa za watu ni zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ikiwa seva yako iko nje ya nchi, soma pia masharti ya kusafirisha taarifa. Usiombe namba ya NIDA kwa kuwa tu unaweza kuiomba. Jina, simu, hisa na mkopo vinatosha. Akitokea mkopeshaji wa mtandaoni akitaka kununua orodha ya wanaochelewesha marejesho, na anaweza kutokea, jibu ni hapana, hata kama fedha yake ingelipa kodi ya seva ya mwaka mzima. Akina mama wale walimkubalia mama yako awe mweka hazina wao. Hawakukubali kupimwa na mtu wasiyemjua.

Inalipa? Kwa kikoba kimoja, hapana. Kwa vikoba vingi vya kata moja, inaweza, ukitoza kikundi na si mwanachama, mara moja kwa mzunguko, wakati wa kugawana ambapo fedha ipo na faida ya hesabu safi imeonekana. Ukitoza kila wiki watarudi kwenye daftari la karatasi, nao watakuwa na haki. Soko lingine ni mashirika na halmashauri zinazosimamia vikundi vingi kwa pamoja. Hao huhitaji ripoti ya jumla, na ripoti ndiyo wanayoilipia. Hakikisha tu vikundi vimeridhia kwa maandishi kabla shirika halijaona chochote.

Usiwauzie wengine mpaka kikoba cha mama kimemaliza mzunguko mmoja kamili, programu na daftari la karatasi vikienda sambamba. Kila Jumamosi baada ya mkutano, kaa na mama mlinganishe jumla tatu: ya karatasi, ya programu, na ya fedha iliyohesabiwa sandukuni. Zikitofautiana, usilale kabla hujajua kwa nini. Na kabla ya siku ya kugawana, zima WhatsApp kwa makusudi kwenye simu ya mama, umpe karatasi ulizochapisha kutoka kwenye kanzidata yako, uone kama anaweza kugawa fedha zote kwa karatasi hizo peke yake.